Nakala ya kuanzia kwenye urudufishaji mtiririko

Mchukue karani wa ghala la mahindi pale Kibaigwa. Gunia haliingii wala halitoki kabla hajaandika mstari kwenye daftari. PostgreSQL, programu ya kanzidata, nayo ndivyo ilivyo: kila badiliko huandikwa kwanza kwenye faili za kumbukumbu ziitwazo WAL, ndipo data zenyewe zibadilishwe diskini.

Urudufishaji mtiririko, ulioingia na toleo la 9.0 mwaka 2010, ni sawa na kumsomea karani wa pili, aliyeko Dodoma mjini, kila mstari kwa simu mara tu unapoandikwa. Zamani ulisubiri kipande kizima cha WAL, kwa kawaida megabaiti 16, kijae ndipo kitumwe. Mashine ya huyo karani wa pili ndiyo seva ya akiba; ya Kibaigwa ndiyo seva kuu.

Sasa, huyu wa mjini hawezi kuanza na mstari wa leo tu. Kwanza ajue ghalani mna magunia mangapi. Hesabu hiyo ndiyo nakala ya kuanzia. Ukinakili folda ya data kwa mkono huku seva inafanya kazi utapata mchanganyiko: ukurasa wa kwanza ni wa saa tatu, wa mwisho ni wa saa nne. Zana ya PostgreSQL iitwayo pg_basebackup hunakili bila kusimamisha kazi, na hukusanya pia WAL ya muda wote wa kunakili, hivyo seva ya akiba ikiirudia mistari hiyo, kurasa zote hukaa sawa. Ukiongeza chaguo la -R, inakuandikia maelezo ya kuunganisha na, tangu toleo la 12, faili la standby.signal, linaloiambia seva ianze kama ya akiba.

Wengi hukwama kwenye pg_hba.conf, faili linaloamua nani aruhusiwe kuunganisha. Neno "all" kwenye safu ya kanzidata halijumuishi urudufishaji. Lazima uandike mstari wake wenye neno "replication". Mimi huwa naanzia hapo muunganisho ukikataliwa.

Kuna pia sloti, inayoizuia seva kuu kufuta WAL ambayo seva ya akiba haijaipokea. Ni nzuri, ila mtandao wa mjini ukikatika wiki nzima, WAL hurundikana Kibaigwa hadi diski ijae na seva kuu isimame. Toleo la 13 lilileta mpangilio wa max_slot_wal_keep_size wa kuweka kikomo.

Wala usiiite seva ya akiba bekapu. Mtu akifuta jedwali kimakosa Kibaigwa, karani wa mjini naye anafuta kwa utii, pengine kabla hujanyanyua simu. Kurudi kwenye hali ya dakika moja kabla ya kosa kunahitaji nakala ya kuanzia ya zamani, pamoja na WAL zote zilizofuata, zilizohifadhiwa pembeni kwa mpangilio wa archive_command. Nakala hizo za kila usiku unaweza kuzichukua kutoka seva ya akiba yenyewe, tangu toleo la 9.2, ili ya Kibaigwa isilemewe saa za mizani.