Kama ni bure, mbona tunalipa? Maswali kuhusu sera na pengo la afya

Sera ya afya inanihusu nini mimi mgonjwa?

Inakuhusu hata kabla hujaugua. Ndiyo inayoamua zahanati ijengwe wapi, dawa gani ipatikane ngazi ipi na nani alipie. Chukua Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 nguvu zilielekezwa vijijini na matibabu ya serikali yalikuwa bure. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, dawa zikaadimika, na mwaka 1993 ukaanza uchangiaji wa gharama, ukishuka kutoka hospitali kubwa kwenda chini. Kwa mwenye mshahara, ada ile ilikuwa usumbufu tu. Kwa mkulima ambaye korosho zake bado hazijauzwa, ilitosha kumfanya abaki nyumbani na homa yake.

Si kuna msamaha kwa wasio na uwezo?

Upo, tena tangu mwanzo. Mjamzito, mtoto chini ya miaka 5, mgonjwa wa kifua kikuu: hawa hawapaswi kulipa, na kuwatambua ni rahisi, kadi ya kliniki inatosha. Tabu iko kwa maskini wa kawaida, ambaye lazima athibitishe umaskini wake. Atafute barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha aonane na afisa ustawi wa jamii pale hospitali. Mtendaji akiwa kwenye kikao kata nyingine, siku imepotea na mgonjwa anaendelea kuungua homa. Na wengi hawajui kabisa kama hospitali ina ofisi ya ustawi wa jamii.

Kuna jambo lingine halisemwi sana. Ada inayokusanywa hubaki kusaidia kuendesha kituo. Kila anayesamehewa anatumia glovu na dawa zilezile, ila haachi kitu dirishani. Kama hakuna anayefidia pengo hilo, mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, ana sababu gani ya kuutangaza msamaha?

Mke wangu alijifungua "bure" lakini nilimaliza akiba. Hela zilienda wapi?

Anza na ile orodha mliyopewa kliniki: glovu, pamba, wembe, mpira wa kulalia, uzi wa kufungia kitovu. Ongeza bodaboda ya usiku, ambayo bei yake haijadiliwi mama akiwa kwenye uchungu. Akipewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kuna usafiri, chakula cha ndugu anayemuuguza, na siku ambazo wewe hukwenda kazini. Hakuna hata kimoja hapo kinachoitwa ada. Anayeishi mtaa wa pili kutoka hospitali anakwepa karibu nusu ya orodha hiyo.

Ndiyo maana umbali ni suala la sera. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM), ulioanza 2007, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Kitaifa, wanaojifungulia kwenye vituo walipanda kutoka asilimia 63 katika utafiti wa 2015/16 hadi 81 katika ule wa 2022. Ni hatua kubwa kweli. Lakini huo ni wastani, na wastani haukuambii aliyebaki nyuma anaishi wapi.

Basi si ada zifutwe kabisa?

Uganda walijaribu. Mwaka 2001 walifuta ada katika vituo vya serikali, na maskini wakajitokeza kwa wingi. Ila dawa zilipokuwa zikiisha kituoni, mgonjwa aliambiwa akanunue nje, kwa hiyo mzigo wa gharama kwa familia maskini haukupungua kama ilivyotarajiwa. Kufuta ada bila kuongeza bajeti ya dawa kunahamisha malipo kutoka dirishani kwenda duka la dawa. Kwa maoni yangu bado ilikuwa heri kufuta, kwa kuwa angalau vipimo na ushauri vilipatikana.

Na bima je?

Bima ya hiari ina ugonjwa wake: anayekimbilia kujiunga ni yule aliyekwisha kuugua. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) wa Tanzania, iligharimu shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmojammoja ukasitishwa, Mfuko ukieleza kuwa gharama za matibabu zimezidi mno michango. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inataka wote wajiunge na inaweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Hoja inarudi palepale: nani ataandikwa kuwa hana uwezo, na nani atamwandika? Mama lishe mwenye mtaji kidogo anaweza kuonekana anajiweza kwenye karatasi na bado ashindwe kulipa mchango wa mwaka kwa mkupuo.

Mwananchi wa kawaida aanzie wapi?

Kwanza, ukishindwa kulipa, usiondoke kimyakimya. Sema waziwazi, "Naomba kuonana na afisa ustawi wa jamii." Pili, zahanati na kituo cha afya vina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 kuna fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati hushiriki kupanga matumizi yake. Muulize mwenyekiti wa kijiji ni nani wanawawakilisha humo na lini walikutana mara ya mwisho. Kisha uliza dawa zilizokosekana mwezi huu ni zipi, na wangapi walipewa msamaha.