Sensa inakufa kila mara sehemu ileile? Mtafute anayeiua

Hili jambo linaniuma kweli. Sensa ya mashine, ile ya waya tatu inayohisi chuma kikipita mbele yake, inakufa, inabadilishwa, mashine inatembea, haipiti muda imekufa tena palepale, na kwenye ripoti mtu anaandika tu "sensa mbovu". Ikifa mara moja sawa, inaweza kuwa ni yenyewe, lakini ikifa tena na tena huku mwenzake wa aina hiyohiyo upande wa pili wa mashine anapeta tu, basi kuna kitu kinaiua na sensa mpya nayo itauawa hivyohivyo.

Ukiitoa usiitupe. Ipeleke mezani, ipe volti 24, kahawia plasi, bluu zero, halafu sogeza chuma mbele yake uone kama taa inawaka na waya mweusi unatoa signo. Nyingi zinazoitwa zimekufa zinawaka vizuri kabisa hapo mezani, maana yake tatizo limebaki kule kwenye mashine na mara nyingi ni kebo. Kebo inayojikunja muda wote inakatika shaba ndani, ganda la nje zima, ukiipima mashine imesimama kila kitu safi. Mwambie mwenzako aangalie taa ya input (pale signo ya sensa inapoingia) kwenye PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine, wakati wewe unaikunjakunja kebo taratibu, anzia pale inapotoka kwenye konekta, hapo ndipo inapokatikaga sana. Ikipepesa tu umeshapata, na safari hii weka kebo ya kujikunja sio ile ya kawaida.

Kama kweli imekufa, iangalie uso. Ikiwa imechubuka mbele basi inagongwa, kaangalie beringi iliyolika au braketi iliyolegea. Pini zikiwa na kijani maji yameingia. Na hapa watu wanachanganya sana, IP67, kile kiwango cha kuzuia maji na vumbi kinachoandikwa kwenye sensa, inapimwa kwa kuzamishwa kwenye maji kina cha mita 1 kwa dakika 30, haijapimwa kwa maji ya moto ya presha, hiyo ni IP69K, na hata hiyo konekta isipokazwa maji yataingia tu.

Uso safi, pini safi, lakini imekufa? Mimi hapo nahamia kwenye umeme. Angalia kwanza output (ule waya mweusi) inaendesha nini, sensa nyingi za waya tatu mwisho wake ni kama miliampia 200, ukiibebesha koili kubwa moja kwa moja unaichosha. Halafu koili za vali na rilei zilizo kwenye pawa saplai hiyohiyo, kila inapozimwa koili inarudisha mruko wa volti kubwa kwa muda mfupi sana, mita ya kawaida haiuoni kabisa, itakuonyesha 24 yako imetulia huku sensa inapigwa kila mzunguko. Tumia osiloskopu, kifaa kinachochora volti inavyopanda na kushuka. Dawa yake ni diodi (inapitisha umeme upande mmoja tu) sambamba na koili, ule mstari wake uwe upande wa plasi, ukigeuza unapiga shoti. Diodi inachelewesha kidogo koili kuachia, kwa hiyo kama vali yako inahitaji kufunga haraka tafuta kizuia mruko cha aina nyingine.

Kebo ya mota yenye inveta (kifaa cha kurekebisha kasi ya mota) ikilala pamoja na ya sensa ni kesi tofauti, hiyo kwa kawaida haiui, inaleta signo za uongo. Zitenganishe, na zikilazimika kupishana zipishane kwa nyuzi 90.