Thabiti siyo nene

Juzi nimelisikia tena neno thabiti likitumiwa kumaanisha nene, safari hii Arua, Uganda. Mzee mmoja amejijengea stoo ya mabati nyuma ya nyumba, mita 10 kwa 6, holosekshen (bomba za chuma za pande nne) kanunua mwenyewe, wa kuchomelea ni kijana wa mtaani, mzee akaipiga nguzo ngumi akaniambia "mwanangu, hii ni thabiti, chuma milimita 3." Na mlango wa stoo hiyohiyo haufungi mpaka uuinue kwa goti. Nilinyamaza maana ni mzee wangu, lakini neno limenikaa kooni.

Jengo thabiti ni lile linalobaki mahali pake na katika umbo lake, na kila nguvu inayoligusa, iwe uzito au upepo, ina njia ya kushuka mpaka ardhini. Basi, ni hilo tu, unene wa chuma haumo.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, thabata, kukaa palepale bila kuhama. Zamani wataalamu wao wa nyota waligawa nyota mafungu mawili, zile zisizobadili nafasi wakaziita thawabit, na zile zinazozunguka wakaziita sayyara, yaani zenye kutembea, ndiyo hiyo sayari yetu ya leo. Kwa hiyo tangu mwanzo thabiti ilikuwa inajibu swali moja, je, kimehama au hakijahama? Halafu angalia mtoto wa neno hilo, thibitisha. Ni mzizi uleule. Ukithibitisha habari umeifanya ikae pale isisukumwe tena na maneno ya watu. Ndiyo maana inaniuma mtu akisema jengo ni thabiti na hajapima kitu, kupima kumo ndani ya neno lenyewe!

Sasa nene na thabiti vinachanganywa kwa sababu unene unaonekana kwa jicho na uthabiti hauonekani. Fikiria kitanda cha mbao nene kabisa ambacho misumari imelegea, ukigeuka usiku kinayumba huku na huku, na hakuna ubao hata mmoja uliovunjika. Chuma nene kinakujibu kwamba nguzo hii haitapinda upesi, hakikwambii kama nguzo nne kwa pamoja hazitalala upande mmoja. Umbo la pande nne ukilisukuma kwenye kona linalala, la pande tatu haliwezi kulala mpaka upande mmoja ukatike au upinde, ndiyo sababu watu wanaweka chuma cha mshazari kutoka kona ya chini mpaka ya juu, na ndicho mafundi wanakiruka kwanza pesa ikipungua maana "hakibebi kitu". Kinabeba upepo, ndugu yangu.

Na jengo la mabati upepo ndio adui wake mkubwa kuliko uzito. Bati la geji 28 (geji ni kipimo cha unene wa bati) lina kilo 3 na kitu kwa mita moja ya mraba. Upepo wa kilomita 50 kwa saa unasukuma kama kilo 12 kwa mita hiyohiyo, ukifika 100 ni karibu kilo 48, yaani mwendo mara mbili, nguvu mara nne, na juu ya paa upepo mara nyingi hausukumi chini, unavuta juu. Kwa hiyo pale nguzo inaposhikana na zege ndipo pa kuangalia, pamefungwa isishuke tu au pamefungwa isinyanyuke pia?

Ule mlango wa mzee ulikuwa umeshasema yote. Tulichukua tepu tukapima fremu ya ukuta kona kwa kona, mshazari mmoja ulizidi mwenzake kwa sentimita 4, wakati fremu iliyonyooka mishazari yake inalingana. Chini ya nguzo, pale udongo unapogusa chuma, nilikwaruza rangi kwa bisibisi ikatoka na magamba ya kutu, na juu nguzo hazina kifuniko, mvua inaingia ndani ya bomba inakaa humo, na kutu ya ndani huioni mpaka siku imeshatoboa. Kwenye mabati matundu ya skrubu yameanza kuwa marefu kama punje ya mchele, maana yake bati linacheza.

Sheria ya Uganda ya udhibiti wa majengo ya 2013 inataka kibali kabla ya kujenga na kingine kabla ya kuingia kutumia, na wa kukagua wapo wilayani, kuwaita siyo aibu.

Mzee kakubali kuongeza vyuma vya mshazari, na nguzo mbili zitafukuliwa chini. Mimi nimemwomba kitu kimoja tu, mpaka siku hiyo wageni wakija awaambie stoo yake ina chuma nene, hilo ni kweli kabisa, ile thabiti aiweke kando kwanza.