Sindano ya seli shina haijathibitika kuotesha gegedu la goti

Wengi huamini kwamba sindano ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, huotesha upya gegedu lililolika gotini. Tumaini hilo linaeleweka. Anayeshuka ngazi kwa kushikilia ukuta anayajua maumivu yake. Lakini gegedu, lile tabaka jeupe lenye utelezi kwenye ncha za mifupa, halina mishipa ya damu, ndiyo maana hujiponya kwa shida mno. Wapo wanaopata nafuu baada ya sindano, ila nafuu si gegedu jipya: hata wanaodungwa maji ya chumvi tu, baadhi yao hupata ahueni. Kabla hujauza shamba ili kulipia sindano, muulize daktari: tiba hii imelinganishwa na maji ya chumvi? Picha za ndani ya goti za MRI, za kabla na baada, zinaonyesha nini? Imeidhinishwa, au bado ni majaribio? Kwa kawaida, mshiriki wa majaribio halali hatozwi pesa ya sindano.