Je, Wajua Kwa Nini Saa Moja na Sokwe wa Rwanda Hulipiwa Dola 1,500?

Mtu akiisikia bei hiyo mara ya kwanza hudhani masikio yamemdanganya. Dola 1,500 za Marekani kwa kichwa kimoja, kwa saa moja tu. Nauli ya ndege haimo, hoteli haimo. Mvua ikikunyea hadi nguo zikakuganda mwilini, na kule kaskazini mwa Rwanda hunyesha kweli, saa yako haiongezwi. Na bado vibali vya kuwatembelea hununuliwa. Kiangazi cha Juni hadi Septemba, anayechelewa kuweka nafasi huambiwa arudi siku nyingine.

Ili kuielewa bei, anza na idadi. Sokwe wa milimani wanaishi sehemu mbili tu duniani: milima ya volkano ya Virunga, inayogawanywa na Rwanda, Uganda na Kongo, na msitu wa Bwindi nchini Uganda. Wote kwa pamoja ni elfu moja na ushei. Huwezi kuwaona kwenye bustani ya wanyama ya Ulaya wala Marekani. Upande wa Rwanda wamo katika Hifadhi ya Taifa ya Volkano, ambayo ina kilomita za mraba 160 hivi. Humo, familia kama 12 zimezoeshwa kuwaona wageni. Kila familia hutembelewa mara moja kwa siku, na watu wasiozidi wanane. Piga hesabu mwenyewe: ni watu 96. Hawajazi mabasi mawili.

Kwa nini wasiongezwe? Kwa sababu sokwe huugua magonjwa yetu. Mafua ambayo wewe unayamaliza kwa chai ya tangawizi yanaweza kumshukia kifuani na kumuua, yeye na watoto wa familia yake. Ndiyo maana mgeni mwenye kikohozi huzuiwa asipande mlimani hata kama amelipa kila senti, na wanaoruhusiwa kupanda huvaa barakoa na hutakiwa kukaa mbali na sokwe kwa mita kadhaa. Kuizoesha familia mpya nako ni kazi ya miaka: watu wale wale wanakwenda msituni kila siku, wanakaa, wanaondoka, mpaka dume mkubwa mwenye mgongo wa rangi ya fedha aache kuwarukia. Na sokwe jike huzaa mara moja kila baada ya miaka minne hivi. Bidhaa ya namna hiyo haizalishwi kwa zamu ya usiku kiwandani. Kilichobaki kupandishwa ni bei.

Lakini uchache peke yake hauelezi yote. Mwaka 1981 sokwe wa Virunga walihesabiwa wakawa 250 na kidogo. Sehemu kubwa ya msitu ilikuwa imekwisha kukatwa mwishoni mwa miaka ya 1960 ili kupisha mashamba ya pareto. Majangili nao walitega nyaya za kunasa swala, na sokwe wakanaswa mikono. Dian Fossey, Mmarekani aliyefungua kituo cha utafiti cha Karisoke mwaka 1967 na kuuawa huko huko mwaka 1985, hakuupenda utalii. Aliona utawasumbua wanyama. Waliokuja na mradi wa utalii mwaka 1979 waliona tofauti: mnyama asiyeleta chochote nyumbani kwa jirani yake hatadumu. Nadhani historia imewapa haki hawa wa pili. Hata vita na mauaji ya kimbari ya 1994 havikuwamaliza sokwe hao. Sensa ya 2010 ilikuta 480 katika Virunga, na ile ya 2015 na 2016 ikakuta 604. Mwaka 2018 walishushwa daraja moja katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, yaani hatari yao ilionekana kupungua. Ni nadra sana kusikia habari kama hiyo kuhusu jamaa yoyote ya sokwe.

Kabla ya Mei 2017 kibali kilikuwa dola 750. Bodi ya Maendeleo ya Rwanda ikakipandisha maradufu kwa siku moja. Wengi walitabiri wageni wote watavuka mpaka kwenda Uganda, ambako bei ni karibu nusu, na kweli baadhi yao huvuka. Lakini Rwanda haina pwani ya bahari wala tambarare kama Serengeti. Ingejaribu kushindana kwa wingi wa watalii, ingeshindwa. Ikachagua wageni wachache wanaolipa pesa nyingi.

Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo kwangu. Pembeni ya hifadhi kuna ukuta mrefu wa mawe. Upande mmoja mianzi, upande wa pili viazi, na viazi vinafika ukutani kabisa, maana ardhi ni haba. Nyati akiruka usiku, kesho yake mke na mume wanasimama shambani kuangalia kilichobaki. Watu hao ndio walinzi wa kweli wa sokwe, wakitaka. Tangu 2005 asilimia 5 ya mapato ya hifadhi za taifa ilitengwa kwa ajili ya jamii zinazozizunguka. Bei ilipopanda 2017, fungu hilo likawa asilimia 10. Limejenga madarasa, zahanati, matangi ya maji. Baadhi ya waliokuwa wakitega nyaya leo ni wapagazi wa mizigo ya watalii.

Mfano ninaoupenda zaidi ni loji ya Sabyinyo, jirani na hifadhi. Jengo ni mali ya chama cha wananchi wa Kinigi na Nyange, SACOLA, na kampuni ya Governors' Camp ya Kenya ndiyo inayoliendesha. Mgeni akilala, chama kinapata. Mwekezaji anayeuliza nafasi ziko wapi angeanza kwa kuutazama mpango huo, kwa sababu saa moja ya sokwe huacha saa ishirini na tatu ambazo mtalii anakula, analala, anasafiri na kununua. Mji wa Musanze, ulio karibu na hifadhi, unahitaji maziwa, asali, mboga, mafundi, madereva wanaojua lugha mbili tatu. Na mtalii ana sababu ya kuongeza siku: katika hifadhi ya Akagera simba walirudishwa 2015 na faru 2017, na msitu wa Nyungwe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2023. Sisi raia wa Afrika Mashariki tuna bei yetu nafuu ya kibali, na ni haki iwe hivyo. Ingeuma sana kama mtu wa Goma au Arusha angewajua majirani zake hawa kwa picha tu.

Sasa kuna mpango wa kuipanua hifadhi kwa karibu robo, maana familia za sokwe zimeongezeka na zinagombania nafasi. Msitu utarudi kwenye ardhi iliyolimwa kwa miongo kadhaa, na maelfu ya kaya zitahamia makazi mapya. Mkulima ambaye shamba lake limeangukia ndani ya mpaka huo mpya anauliza nyumba atakayopewa iko wapi, shamba jingine liko umbali gani, na kama viazi vitakubali udongo wa huko.