Kitafunwa cha Siku ya Kuzaliwa: Mfikirie Mtoto Mdogo Kuliko Wote Darasani

Mzazi anayetaka kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mwanawe kituoni huanza kwa kuhesabu vichwa: wako wangapi, zitatosha pakiti ngapi. Sisi maafisa lishe tunaomba aanze na swali jingine: mdogo kuliko wote mle darasani ana umri gani? Si ajabu katika vituo vyetu vya kulelea watoto mchana kukuta mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameketi mkeka mmoja na wa miaka minne. Mwanao anaweza kutafuna vizuri, lakini jirani yake magego hayajatimia. Naye atakula kile kile, tena kwa pupa, maana wenzake wanaimba na kucheka.

Kwa hiyo karanga za kukaanga, bisi, ubuyu, pipi ngumu na jojo visiende kabisa. Njia ya hewa ya mtoto wa umri huu ni nyembamba, na karanga moja nzima inaweza kuiziba. Karanga nzima zisubiri hadi mtoto afikishe miaka 5. Soseji inayokatwa vipande vya duara hukaa kooni kama kizibo cha chupa. Ipasue kwanza kwa urefu mara mbili ipate vipande vinne virefu, ndipo uikate vidogo vidogo. Zabibu nazo zipasuliwe hivyo hivyo. Kipimo ni rahisi: bonyeza kitafunwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikipondeka, kinafaa. Tofaa bichi la Njombe, pamoja na utamu wake, halipiti kipimo hiki mpaka ulichemshe au ulikwangue. Na baluni ikipasuka, vipande viokotwe papo hapo kabla havijaingia mdomoni.

Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe mbele umpige kati ya mabega mara 5 kwa kitako cha kiganja. Kisipotoka, na amezidi mwaka mmoja, piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ivute ndani kwa kuelekea juu mara 5, kisha rudia yote mawili. Aliye chini ya mwaka asibonyezwe tumbo: alazwe kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, apigwe mgongoni mara 5, kisha ageuzwe na kubonyezwa katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Usichokiona usikitafute kwa kidole, utakisukuma ndani zaidi. Mwenzako wakati huo atafute usafiri wa hospitali. Walezi wote wa kituo wanapaswa kuyajua haya, na mzazi ana haki ya kuuliza kama wanayajua.

Sasa upeleke nini? Huku Nyanda za Juu Kusini hatuna sababu ya kuhangaika. Ndizi mbivu na parachichi za Tukuyu, papai la Kyela, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, mtindi: vyote ni laini na vinapatikana sokoni. Ninachokipendekeza zaidi ni vichapati vidogo vya ndizi. Ponda ndizi mbivu 4 za wastani, changanya na mayai 2 na kikombe kimoja cha unga wa ngano au ngano na ulezi nusu kwa nusu. Usitie sukari, ndizi inatosha. Paka kikaango mafuta kidogo, weka vijiko viwili vya mchanganyiko kwa kila kimoja, moto uwe mdogo, geuza juu ikianza kutoboka matundu. Utapata kama 20, vinavyoshikika vizuri katika kiganja cha mtoto, na vikipoa haviwi vigumu.

Soda, juisi za pakiti na keki iliyofunikwa krimu nene tunazikataa kwa sababu nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aliye chini ya miaka 2 asipewe vinywaji vilivyotiwa sukari. Sherehe moja haimharibu mtoto, lakini darasa la watoto ishirini lina sherehe ishirini kwa mwaka. Tena tumbo la mtoto ni dogo; likijaa biskuti na soda saa nne, chakula cha mchana kinarudi jikoni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Iringa ilikuwa asilimia 56.9 na Njombe 50.4. Hii ni mikoa inayolisha wengine, na inauma kuiona juu ya orodha hiyo. Ndiyo maana hata kitafunwa cha sherehe tunataka kiwe chakula.

Kama ni lazima keki iwepo, iwe ndogo na kavu. Mshumaa upulizwe kwenye kipande cha pembeni, hasa Juni na Julai, baridi inapokuwa kali Mbeya na mafua yamejaa. Ule mtindo wa kulishana keki kwa kijiti kimoja, kutoka mdomo hadi mdomo, uachwe. Kila mtoto apewe chake. Kumwagia maji mwenye siku yake ni mchezo wa wakubwa.

Siku mbili tatu kabla, ongea na mlezi mkuu. Muulize nani hapatani na mayai, maziwa au karanga, kama kuna mtoto aliye chini ya mwaka (huyo asipewe asali, hata iwe safi kiasi gani), na kama kituo kina friji ya kuhifadhi mtindi. Viungo vyote viandike kwenye karatasi uibandike juu ya kontena, maana anayegawa huenda si yule uliyezungumza naye.