Kwa nini usukani hukaza baada ya gari kuinuliwa?

Gari la 4x4 limeinuliwa bodi kwa spesa (vipande vinavyowekwa kati ya bodi na chesisi, yaani fremu ya chini) za milimita 50, limevalishwa matairi makubwa, na tangu siku hiyo usukani unakaza. Lawama ya kwanza huiendea pampu ya pawa steringi, eti imezidiwa na matairi. Inafungwa mpya, oili inabadilishwa, usukani uko vilevile.

Ni kweli matairi mapana huongeza uzito, hasa gari likiwa limesimama, na rimu zilizotokeza nje huongeza zaidi. Lakini uzito huo hausikiki mahali pamoja tu, uko mzunguko mzima. Pampu iliyochoka nayo ina dalili zake: hulia, usukani huwa mzito injini ikizunguka taratibu, kisha hulainika ukikanyaga mafuta. Wengine hulaumu kupungua kwa kasta, ule mlalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia. Kasta ikipungua, usukani huwa mwepesi, gari hutangatanga barabarani na usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Hiyo ni kinyume kabisa cha kukaza.

Kwa hiyo chunguza kwanza unakaza wapi. Kama katika mzunguko mmoja wa usukani unakaza, unalegea, unakaza tena, unalegea tena, tazama krosi za shafti ya steringi, yaani viungo vyenye umbo la msalaba vinavyoruhusu shafti kupinda huku ikizunguka.

Boksi ya steringi, inayogeuza mzunguko wa usukani kuwa msukumo wa magurudumu, imefungwa kwenye chesisi, usukani uko kwenye bodi. Ukiinua bodi peke yake, shafti inayoviunganisha hulala kwa pembe kali zaidi. (Ukiinua springi tu, chesisi na bodi hupanda pamoja, na pembe ya shafti haibadiliki.) Sasa, krosi iliyopinda haipitishi mzunguko kwa usawa. Ni kama pedeli za baiskeli: mguu unaweza kusukuma kwa nguvu ileile, lakini mnyororo huvutwa sana pedeli zikiwa zimelala na kidogo sana moja ikiwa juu na nyingine chini, mara mbili kila mzunguko. Krosi iliyopinda nyuzi 15 hubadilisha kasi kati ya 0.97 na 1.04, na mkono hausikii kitu. Kwa nyuzi 30 ni kati ya 0.87 na 1.15, na hapo mkono unasikia vizuri.

Ndiyo maana shafti hufungwa krosi mbili, moja ifute kosa la nyingine. Hufutana pale tu pembe zao zinapolingana na uma (vishikio vya krosi) za ncha mbili za shafti zimekaa sawa kwa sawa. Shafti ikichomolewa wakati wa kuinua bodi na kurudishwa robo mzunguko pembeni, makosa huzidishana badala ya kufutana: kwa nyuzi 30 kila upande, sehemu nzito hufikia karibu mara 1.8 ya sehemu nyepesi.

Kupima, inua ekseli ya mbele kwa jeki, weka stendi, zima injini na ufungue loki ya usukani. Tenganisha fimbo inayotoka kwenye mkono wa boksi kwenda magurudumuni. Geuza magurudumu kwa mkono. Yakiwa magumu, tatizo liko kwenye bolijointi au kingpini (viungo ambavyo gurudumu hugeukia), mara nyingi shimu, vipande vyembamba vya kurekebisha mkazo, zimeufanya upite kipimo cha kitabu cha gari. Yakiwa huru na usukani bado unakaza, tia alama kwenye shafti na boksi, kisha utoe shafti. Kabla ya kuitoa, funga usukani kwa kamba usizunguke, maana waya wa airbag ulio ndani hukatika. Pinda kila krosi kwa mkono pande zote mbili. Inayokwama au yenye kutu ibadilishwe hata kama pembe ni nzuri.

Krosi zikiwa nzima, panga uma upya na upunguze pembe. Shafti ikiwa imefupika kwa sababu ya kuinuliwa, tafuta ndefu zaidi, meno yaingiliane kikamilifu. Ukilazimika kutumia krosi tatu, shafti ya kati lazima ishikwe na beringi iliyofungwa kwenye chesisi, la sivyo itajikunja kwenye krosi. Usiunge shafti kwa kulehemu sehemu inayoteleza. Imetengenezwa ijikunje gari likigonga, na ukiilehemu itasukuma usukani kifuani kwa dereva.